Mkaanga Mchanga wa Fugu

Giza halijaondoka vizuri bondeni, na Zhe Yongmao tayari anakaanga mchanga.

Ameinama juu ya karai pana la chuma, beleshi mkononi, kichwa amekigeuza kidogo ili jicho lake moja lifanye kazi ya mawili. Chini ya karai makaa ya mawe yanawaka polepole. Anautandaza mchanga, anaugeuza, anautandaza tena. Mvuke mwembamba unapanda, unamlowesha nyusi, kisha unapotelea kwenye baridi ya asubuhi.

Wafanyakazi wa zamu ya kwanza wanapita karibu naye wakielekea kwenye matanuri, mikono mifukoni.

"Mzee Zhe, leo umekumbuka chumvi?"

"Nimekumbuka. Njoo uonje, meno yako uyaache hapa hapa."

Wanacheka. Wa nyuma kabisa, kijana wa kijiji cha ng'ambo, anapaza sauti: "Mwagamaji, hujambo?"

Zhe anainama tena juu ya karai. Anachota mchanga kiganjani, anaufinya, anafungua mkono. Mchanga unateleza kati ya vidole kama unga uliochekechwa. Ungeshikana hata kidogo, angeurudisha karaini.

Zhe ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kazi yake katika kiwanda hiki cha magnesi, metali nyepesi, wilayani Fugu, kaskazini mwa Shaanxi, ni moja tu: kuhakikisha masanduku mekundu yaliyo kando ya matanuri yana mchanga mkavu wakati wote. Ni kazi ambayo haikuwepo miaka mitano iliyopita. Ilianzishwa baada ya mtu kufa. Kwa mujibu wa kiwanda, mtu huyo aliuawa na Zhe.

Katika bonde hili ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtu aliyewahi kula kwa magnesi. Mawe yake yanachimbwa vilimani, yanachomwa, yanasagwa pamoja na unga mweusi wa chuma na silikoni, kisha yanagandamizwa yawe vidonge vya ukubwa wa kokwa ya jozi. Vidonge hivyo vinatiwa ndani ya mabomba manene ya chuma yaliyolala tanurini. Hewa yote inafyonzwa kutoka ndani ya bomba, moto unapandishwa hadi chuma kinakuwa chekundu, na baada ya saa nyingi magnesi inatoka ndani ya jiwe ikiwa mvuke. Mvuke unakimbilia kwenye mdomo wa bomba ulio baridi, unaganda hapo, unakuwa bonge la rangi ya fedha lenye umbo la kofia.

Kazi ya Zhe ya zamani ilikuwa kufungua mdomo huo, kulitoa bonge na kukwangua mabaki yaliyobaki ndani yakiwa bado yanawaka. Anasema wakati wa kiangazi jasho lilikuwa likikauka kabla halijafika kidevuni.

"Bonge likipoa, utalipenda," anasema. "Jepesi, unalibeba kama mkate. Linang'aa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Utaapa kwamba kitu hiki hakiwezi kumdhuru mtu."

Lakini magnesi ikishika moto, mwanga wake ni mweupe kiasi cha kumpofusha anayeutazama. Na haizimiki kwa njia ambazo watu wamezizoea. Ukiimwagia maji, inayapasua, inajichukulia oksijeni yake na kuiacha hidrojeni, na hidrojeni hiyo inalipuka. Mitungi ya gesi ya kuzimia moto iliyotundikwa ukutani maofisini nayo haifai kitu, kwa sababu magnesi inaila gesi hiyo na kuendelea kuwaka. Dawa yake ni kuifunika. Kuna chumvi maalumu ya kufunikia, lakini ni ghali, kwa hiyo viwanda vingi vidogo vinatumia mchanga. Mchanga lazima uwe mkavu, na uwe mwingi.

"Hilo tulifundishwa siku ya kwanza," anasema Zhe. "Hata mtu mlevi hapa hawezi kuchukua ndoo ya maji. Ni sawa na kumwambia mchungaji amlishe mbuzi mawe."

Uchungaji anaujua. Yeye na Gao Shuanzhu walikulia kwenye mteremko mmoja, nyumba zao zimechimbwa kwenye ukuta ule ule wa udongo, mbuzi wao wakichanganyikana kila jioni. Zhe ndiye aliyetangulia kushuka bondeni kutafuta kazi. Alipopata mshahara wa kwanza alinunua pombe ya mtama, akapanda nayo kwa Shuanzhu, wakanywa juu ya kitanda cha udongo mpaka wakaimba.

"Nilimwambia, acha hao mbuzi, njoo tule pesa," anakumbuka. "Cuilan, mkewe, hakutaka. Alisema moto haujui kucheka na mtu. Sisi tukamcheka yeye."

Walifanya kazi kwenye tanuri moja kwa miaka tisa.

Agosti ya mwaka wa ajali mvua zilinyesha mfululizo kuliko ilivyozoeleka Fugu. Mabati yaliyokuwa juu ya masanduku ya mchanga yaling'olewa na upepo tangu masika. Wafanyakazi walikuwa wamesema, na wakaambiwa wasubiri bei ya magnesi ipande. Kifuniko cha sanduku la karibu na tanuri lao kilikuwa kimeoza, hakuna aliyekijali.

Siku hiyo, mchana, Shuanzhu alifungua mdomo wa bomba na kulivuta bonge. Likashika moto. Jambo hilo si geni. Mdomoni mwa bomba huganda pia vipande vidogo vya metali nyingine vinavyowaka vikiguswa tu na hewa, na mara nyingine vinaliambukiza bonge lenyewe. Shuanzhu aliliangusha sakafuni, akarudi nyuma hatua chache, akaita, "Yongmao, lete blanketi, mgonjwa ana baridi!"

Ndivyo walivyokuwa wakitaniana. Blanketi ni mchanga.

Zhe alichukua beleshi. Beleshi la kwanza alilimwaga polepole, kutoka pembeni, kama alivyofundishwa. Moto ukafifia. Shuanzhu akasogea na ndoano yake ili alisukume bonge mbali na mabomba. Zhe akachota beleshi la pili, kutoka chini zaidi.

"Juu mchanga ulikuwa mkavu," anasema. Sauti yake haipandi wala haishuki. "Joto la tanuri lilikuwa limeukausha uso tu. Chini ulikuwa mbichi kama tope la kisimani. Sikuuona, kwa sababu nilikuwa nauangalia moto. Niliumwaga. Halafu palikuwa peupe."

Mlipuko ulirusha magnesi iliyoyeyuka kila upande. Zhe alipoteza jicho la kushoto na vidole viwili. Shuanzhu, aliyekuwa ameinama karibu, ilimpata usoni na kifuani.

Walilazwa hospitali moja mjini, vyumba jirani. Zhe alikuwa amefungwa bandeji machoni. Anasema alijua rafiki yake amefariki kwa sababu alisikia magurudumu ya kitanda yakipita mlangoni, kisha sauti ya Cuilan ikifuata kwenye ukumbi, ikifuata, ikifuata, mpaka mlango wa mwisho ukafungwa.

Zhe akiwa bado kitandani, matokeo ya uchunguzi wa kiwanda yalisomwa mbele ya wafanyakazi wote uani. Yalisema kwamba mfanyakazi Zhe Yongmao alitumia maji kuzima moto wa magnesi, kinyume cha kanuni. Habari hiyo aliipata kwa mkewe, Miao Runhua, aliyekuwa amesimama nje ya geti siku hiyo akisikiliza kipaza sauti.

"Nilidhani nimesikia vibaya," anasema Runhua. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono minene, na anapozungumza anasahau kumenya viazi vilivyo mapajani mwake. "Nikamwuliza mtu wa karibu yangu, eti wamesema nini? Akaniangalia, akaondoka. Walikuwepo watu kumi na zaidi kwenye tanuri lile. Wote siku hiyo, kwa bahati, walikuwa wanatazama pengine."

Msimamizi wa tanuri, Bwana Qiao, alikuja hospitalini na mapichi ya kopo. Zhe anayakumbuka mazungumzo yao neno kwa neno.

"Pumzika, Kaka Zhe. Nafasi yako ipo, usiwe na wasiwasi."

"Qiao, mimi sikumwaga maji."

"Usijichoshe."

"Nilimwaga mchanga. Mchanga wenu ulikuwa umelowa."

Qiao alifungua kopo, akamwekea kijiko ndani. "Kaka Zhe, maji ni maji," alisema. "Yawe kwenye ndoo, yawe kwenye mchanga."

Kabla Zhe hajatoka hospitali, mabati mapya yalikuwa yameshapigiliwa juu ya masanduku. Aliporudi kazini, hakupelekwa tanurini. Alionyeshwa karai jipya na rundo la makaa nyuma ya ghala, akaambiwa kazi yake sasa ni kukausha mchanga. Mshahara ulishuka kutoka yuani elfu saba na kitu hadi elfu tatu.

Alimfuata Qiao. "Kama nilimwaga maji, mbona mnanilipa kukausha mchanga?"

"Unataka kazi," Qiao alimwuliza, "au unataka jibu?"

Alitaka kazi. Runhua alikuwa na ugonjwa wa kifua, na mtu mwenye jicho moja na vidole vinane haajiriwi kwingine.

Jina la Mwagamaji lilimkuta hapo hapo. Wengi wa wanaomwita hivyo leo waliajiriwa baada ya ajali. Hawana ubaya naye. Wanadhani ni utani wa zamani, kama jina la mtu mwenye meno makubwa.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa nyumbani kwa Shuanzhu. Mara ya kwanza alipoweza kupanda mteremko alichukua mguu wa kondoo, akaenda kumsalimia mjane. Bai Cuilan aliupokea, akautazama, akautupia mbwa mbele yake.

"Ulimtoa kwenye mbuzi wake ukampeleka kule umpike," alimwambia. "Sasa unaniletea nyama?"

Mwaka uliofuata kiwanda kilimwajiri Cuilan jikoni kwenye kantini, na mwanawe wa pekee, Pengfei, kwenye chumba cha mizani. Tangu hapo Zhe na Cuilan wamekuwa wakionana kila mchana, yeye nyuma ya dirisha na upawa, Zhe mbele na bakuli. Wengine walijaziwa supu ya matumbo ya kondoo na viazi. Zhe alichotewa maji ya juu tu.

Runhua hakulielewa jambo hilo. "Madirisha yako mawili! Nilimwambia, wewe baba, una ugonjwa gani? Nenda dirisha la pili ule kama watu."

"Ningekwenda la pili," anasema Zhe, "angesema namkwepa. Mtu anayekwepa ana hatia."

Basi akala maji ya juu, mwaka baada ya mwaka.

Majira ya baridi yaliyopita moto ulitokea tena, safari hii kwenye karakana ya kuyeyushia mabonge. Magnesi iliyoyeyuka ilimwagika kutoka kwenye sufuria ya chuma, ikaanza kuwaka sakafuni, na fundi mmoja alikuwa amebanwa kati ya moto na ukuta. Watu wakapiga kelele. Wapishi walitoka kantini mbio. Zhe alikuwa akijaza sanduku la karakana hiyo hiyo. Hakusubiri kuitwa. Alianza kumwaga mchanga kutoka pembeni, beleshi baada ya beleshi, na wengine wakamfuata, mpaka ule weupe ukafunikwa wote na fundi akapita juu ya kingo za mchanga akiwa na nywele zilizoungua tu.

"Ulizimika kimya," anasema Zhe. Kwa mara ya kwanza katika mazungumzo yetu anatabasamu, kisha anaacha. "Hata haukukohoa. Nikasema, kumbe ndivyo ingekuwa."

Mchana huo alisimama kwenye foleni kama kawaida. Cuilan alizamisha upawa mpaka chini, akamwekea nyama, akazamisha tena. Bakuli lilipojaa hadi ukingoni alisema, "Shemeji, kula."

Hakuwa amemwita hivyo tangu msiba.

Zhe alikaa mpaka foleni ikaisha, akarudi dirishani. Alidhani siku yake imefika.

"Shemeji, umeona leo mwenyewe," alimwambia. "Mchanga mkavu haulipuki. Siku ile ulikuwa—"

"Sikuanza kujua leo," Cuilan alimkata. "Nilijua zamani."

"Tangu lini?"

"Tangu Pengfei apewe kazi. Qiao alikuja nyumbani na chupa ya pombe na tende nyekundu. Nikamwuliza, kama kosa ni la Zhe, ninyi mnanifidia nini? Akasema, mama, ukipewa nyama kula, usianze kuulizia mnyama."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilikuwa na mtoto mmoja na kaburi moja. Kaburi halili."

"Na mimi, Cuilan?"

Mjane alifuta dirisha kwa kitambaa, mahali ambapo hapakuwa na uchafu. "Wewe nilikuwa nakuchukia," alisema. "Ilinisaidia kupata usingizi. Ningemchukia Qiao, kesho yake ningemwamkia vipi?"

Zhe alirudi mezani kwake na lile bakuli. "Nilikula yote," anasema. "Nilikuwa na njaa. Mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi."

Aliporudi nyumbani na kusimulia, Runhua alivaa koti akataka kupanda mteremko usiku ule ule. Zhe alisimama mlangoni. "Nilimwambia mke wangu, yule amefiwa."

"Na mimi nimefanywa nini?" Runhua anadakia kutoka kwenye viazi vyake. "Miaka yote nikienda sokoni wananiuliza, mumeo hajambo, yule aliyemwua mwenzake? Mwanamke yule anajua! Anachota supu, anajua! Yeye Zhe asamehe akitaka. Mimi sina haraka hiyo."

Mwandishi wa habari hii alimfuata Bwana Qiao, ambaye sasa ni naibu meneja. Alisema suala hilo lilifungwa zamani, kwamba kiwanda kinajali usalama, na kwamba mtu anayetaka ushahidi aangalie masanduku ya mchanga, yote yamejaa na yamekauka. Alipoulizwa ni nani anayeyakausha, alisema ana mkutano.

Cuilan alikubali kuzungumza nyuma ya kantini, huku akimwaga maganda. Hakukataa neno hata moja la yale Zhe aliyoyasema. Alipoulizwa kama yachapishwe, alimalizia kwanza kumwaga maganda.

"Andika," alisema. "Wakiniuliza, nitakataa kwamba nilisema."

"Huwezi kusimama naye? Mara moja tu, mbele ya watu?"

"Mke wa Pengfei ana mimba," alijibu, akachukua ndoo yake, akaingia ndani.

Muda unaelekea kwisha kwa wote. Kiwanda kinajenga matanuri mapya, ya mabomba yaliyosimama wima, ambayo mashine ndiyo itakayoyafungua na kuyasafisha. Kila sehemu itawekewa chumvi ile ghali ya kufunikia moto, imefungwa kwenye mifuko isiyopitisha unyevu. Hakutahitajika mtu wa kukausha mchanga. Zhe ameambiwa kazi yake inakwisha vuli hii, baada ya mavuno ya viazi.

Runhua ameshanunua kondoo wachache na kuwaweka kwenye zizi la zamani juu ya mteremko. Huko ndiko watakakorudi. Zhe anasema hana kinyongo na kondoo, ila anajua hatalala vizuri kule akirudi kama alivyo.

Kwa hiyo amepanga jambo moja. Mwezi wa Oktoba, kabla ya matanuri mapya kuwashwa, kutakuwa na mkutano wa usalama kazini uani, pale pale, kwa kipaza sauti kile kile, na wakubwa kutoka wilayani watahudhuria. Mwishoni huwa wanauliza kama kuna mwenye swali. Kwa kawaida hakuna.

"Mimi nitakuwa nalo," anasema.

Je, atamtaja Cuilan kuwa anajua? Anatikisa kichwa kabla swali halijaisha. "Yule ana mjukuu anakuja. Nitasema nilichokifanya mimi na nilichokiona mimi. Hayo mengine ayabebe mwenyewe, ni mazito ya kutosha."

Na watu wale waliokuwepo, waliokuwa wanatazama pengine?

"Watatazama tena pengine. Nimeshawazoea." Anavuta beleshi karibu, maana mchanga wa chini umeanza kuiva. "Nitasimama, nitasema, nitakaa. Wakitaka kunitoa nje, wasihangaike kunishika mkono. Mlango naujua."